Kistari Mbele ya Alsa

Jumamosi saa nne asubuhi kompyuta ya Masikio ilinyamaza, na tangu hapo nyumba nzima haikuwa na raha.

Masikio si jina alilopewa na wazazi wake. Ni jina la mtaani. Alibandikwa mwaka mmoja baada ya macho yake kuzimika kabisa, siku aliposimama dukani akamwambia muuzaji kwamba friji lake linakufa, na kweli kesho yake likafa. Jina likaganda. Sasa alikuwa na miaka thelathini na tano, akiishi na baba yake katika nyumba ya vyumba vitatu, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Baraza linaloamua migogoro ya makazini lilimtumia sauti za vikao vyake, naye akazigeuza kuwa maandishi, neno kwa neno, mpaka kikohozi cha shahidi. Aliifanya kazi hiyo miaka sita bila kurudishiwa hata ukurasa mmoja.

Mwezi uliopita baraza likapata katibu mpya. Huyu bwana hakuwahi kumwona Masikio wala kumsikia, lakini alikwisha kupata jibu: asiyeona hawezi kuandika peke yake, lazima kuna mtu anayemfanyia. Alhamisi ikaja barua. Baba yake, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu hata na waliomzidi umri, aliisoma kwa sauti akiwa amesimama, kama alivyosoma kila barua iliyoingia nyumba ile. Jumatatu saa mbili asubuhi wangemtumia kikao cha majaribio. Akikirudisha siku hiyo hiyo, anabaki na kazi yake. Asipokirudisha, anapewa mwingine.

"Basi," alisema Masikio. "Waandae kikao. Mimi nimeshajiandaa."

Sasa hapo ndipo aliposema mapema mno.

Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ya kurithi kutoka kwa mdogo wake wa kiume. Mtu mwingine angeiwekea mfumo wa kawaida, ule unaokuja umeshapikwa, halafu ukute umebebeshwa makorokoro usiyoyaomba. Masikio alichagua njia ndefu. Mfumo wake huletwa mbichi: kila programu huja ikiwa maandishi tu ya walioitunga, na mashine yenyewe huijenga pale pale mezani. Adha yake ni kusubiri. Raha yake ni kwamba kila programu unaweza kuiandikia mstari wake kabla haijajengwa: hiki nakitaka, kile sikitaki. Unachokitaka unakiandika kilivyo. Usichokitaka unakitangulizia kistari. Ndiyo sheria yote, hakuna uchawi.

Kwa mistari hiyo Masikio aliijenga kompyuta isiyo na picha, isiyo na madirisha, isiyo na lolote la kumpendeza mwenye macho. Ilikuwa na kitu kimoja tu cha thamani, programu aliyoiita Msemaji, iliyomsomea kila kilichoandikwa kwenye kioo. Msemaji alisoma kwa kasi ambayo wageni walidhani ni redio iliyoharibika. Masikio alimsikia neno kwa neno huku anamenya vitunguu.

Ijumaa alifanya usafi. Alilipitia faili la mistari yake, akaongeza hapa, akakataza pale, kisha akaiamuru mashine ijenge upya kilichobadilika. Jumamosi asubuhi ikamaliza. Akaizima, akaiwasha, akakaa mkao wa kusikiliza.

Kimya. Feni inavuma, Msemaji hayupo.

Masikio hakupiga kelele. Alivuta kiti, akaandika kwa kukumbuka tu amri ya kupiga sauti ya majaribio. Spika ikakwaruza vizuri, kushoto kisha kulia. Kwa hiyo koo lipo, anayekataa kusema ni Msemaji mwenyewe. Ilikuwa habari njema kwa kiasi chake.

Alimpigia mdogo wake kwa simu yake ya vitufe.

"Dada, mbona unajitesa? Mpe fundi wa hapo kona aifute, akuwekee ile ya kawaida. Saa mbili tu kazi imekwisha."

"Ile ya kawaida kwenye mashine hii inaongea kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Na nikifutiwa leo, kesho nijifunze nyumba mpya, keshokutwa nifanyie humo mtihani?"

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaitengeneza."

"Kwa macho ya nani?"

Hapo alikata simu, si kwa hasira, bali kwa sababu jibu lilikuwa sebuleni linakunywa chai.

Lazima isemwe kwamba Masikio hakupenda kumwomba baba yake macho. Si kwamba Mwalimu alikataa. Alikubali mno. Angeacha chakula, angeacha usingizi. Lakini kila alipomsomea, Masikio alijihisi amerudi kuwa binti wa miaka ishirini na moja anayeelekezwa mlango uko wapi, na alikuwa amehangaika miaka yote hiyo asiwe binti huyo tena. Siku hiyo aliumeza ubishi wake, akaita.

"Baba, naomba unisomee."

Mwalimu alikuja na miwani yake na kiti chake. Aliinama mbele ya kioo kama anayesahihisha daftari. Masikio akalifungua faili kwa vidole, akamwelekeza atafute mstari wenye neno refu linaloanza na "speech".

"Upo. Ni wa tatu kutoka juu. Kwanza neno kama jina la ukoo, kisha mkwaju, kile kialama cha mshazari, kisha hilo neno lako. Baadaye kuna maneno madogo madogo."

"La kwanza?"

"Alsa. Huyu Alsa ni nani? Hili jina la mwanamke."

"Ni njia ya sauti, Baba. Ndiyo inayompeleka Msemaji kwenye spika. Kwa hiyo alsa ipo?"

"Ipo, imeandikwa vizuri tu. Niendelee?"

"Hapana, inatosha."

Inatosha. Neno hilo lilimgharimu Jumamosi nzima. Kama alsa iko kwenye mstari, basi mstari ni mzima, na ubovu uko kwingine. Masikio akaanza kujenga upya vilivyomzunguka Msemaji, kimoja kimoja, na mashine ile kuukuu ikafanya kazi kama punda, bila haraka. Mwalimu alikaa pembeni akitangaza. "Maandishi yanapita kama wanafunzi waliosikia kengele. Sasa yamesimama. Sasa yanapita tena." Kila kitu kilipokamilika Masikio aliwasha upya, akategea sikio, akapata feni. Walifanya hivyo mara nne. Jioni akasema tulale, na hakulala.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alirudi mezani kichwa kimetulia. Alikuwa amejiuliza usiku kucha ni kitu gani hakukihakiki, akaona ni kimoja tu. Alikuwa amemkatisha baba yake.

"Baba, tuanze ule mstari upya. Mpaka mwisho, tafadhali."

"Ule wa Alsa?"

"Ule ule."

Mwalimu akasafisha koo. "Alsa. Espiki, yenye k mwishoni. Halafu hili refu, palsi-odio."

Espiki aliijua, ndiyo sauti ya Msemaji, lakini kwa hilo la mwisho Masikio aliinua kichwa.

"Pulseaudio?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Haiwezekani. Hiyo niliikataa siku ya kwanza niliyoijenga mashine hii. Ni njia nyingine ya sauti, nzito, sina kazi nayo. Baba, mbele ya hilo neno hakuna kitu?"

"Hakuna kitu. Kuna kistari tu."

Vidole vya Masikio vikasimama juu ya vitufe.

"Kistari," alisema Masikio taratibu.

"Ndiyo, cha kutenganisha maneno. Kama unavyoorodhesha vitu vya sokoni."

"Na mbele ya alsa?"

Mwalimu alisogeza miwani. Aliinama mpaka pumzi yake ikagonga kioo.

"Nacho kipo," alisema. "Nilidhani pambo."

Miaka thelathini na nane aliwafundisha watoto wa watu insha, akawachapa alama nyekundu kwa kila koma iliyokosewa, leo amekutana na kistari chenye maana kuliko neno lenyewe akakiita pambo. Masikio alitaka kucheka na alitaka kulia. Alsa yenye kistari ni alsa iliyokatazwa. Msemaji alijengwa bila mdomo kwa amri yake mwenyewe.

"Mstari wa juu yake ni wa programu ya filamu," alisema. "Soma na wenyewe. Kila alama."

"Alsa. Haina kistari."

Hapo picha nzima ikamjia. Ijumaa alitaka kuikataza sauti programu ya filamu, ambayo haitumii. Kidole kikashuka mstari mmoja chini ya alipokusudia, kistari kikatua kwa Msemaji. Lakini mbona alipousikiliza mstari baada ya kuandika alisikia sawa? Alijiuliza, na jibu lilimwaibisha. Alikuwa amemwamuru Msemaji asisome alama. Nukta, mkwaju, kistari, vyote aruke, ili kusoma kuwe kwa haraka. Msemaji alisoma "alsa", kama vile Mwalimu alivyosoma "alsa". Wote wawili waliruka, na mmoja wao alifundishwa kuruka na yeye.

Hata hivyo ulimi ulikwisha kumtoka.

"Baba, ni vingapi vingine umeviruka?"

Alikusudia vistari. Mwalimu aliinuka. Kiti kililia, hatua zikaenda chumbani, droo ikafunguliwa. Aliporudi alikuwa na karatasi mkononi, Masikio aliisikia ikikunjuliwa.

"Ile barua ya baraza," alisema Mwalimu. "Nayo niliiruka."

"Uliisoma yote. Nilikusikia."

"Nilisoma nilichotaka ukisikie." Akasoma sasa, na sauti yake haikuwa ile ya darasani. "Kazi ifike kabla ya saa sita mchana. Kwa kuzingatia hali yake, ofisi haitarajii kwamba ataweza. Mtu wa kushika nafasi hiyo ameshaandaliwa na ataanza kazi Jumatatu saa saba."

Masikio alishika ukingo wa meza. Alikasirika, kweli kweli, mpaka masikio yake maarufu yakaziba kwa damu. Mchana mzima wa Jumatatu aliouweka akiba haukuwapo. Angekunywa chai yake saa nne, angepumzika saa sita, huku mtu mwingine anakaa kwenye kiti chake.

"Kwa nini, Baba?"

"Nilikuona umefurahi. Nikasema presha ya nini, mtoto atamaliza tu, kwani lini hajamaliza?" Akaikunja karatasi. "Tangu ulipougua nimekuwa hivyo. Barua za hospitali nazo nilizipunguza makali. Nilidhani ndiyo kazi ya baba."

"Kazi yako ilikuwa kunisomea."

"Najua."

"Mimi sioni, Baba. Sijavunjika. Nikipewa neno lote nitajua la kufanya nalo. Nikipewa nusu ndipo napotea."

"Najua, mama. Nimekosa."

Angeweza kumwambia mengi, na mengine yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini alimkumbuka Msemaji na alama zake, akaona hana mguu wa kusimamia kwenye mahakama hiyo. Na saa zilikuwa zinakwenda.

"Mimi nami nilimfundisha Msemaji kuruka," alisema. "Tumekosa wote. Sasa keti, tumrudishie mdomo."

Wakafanya kazi. Masikio akashika vitufe, Mwalimu akawa macho, na safari hii hakubakisha hata vumbi la kioo. "Kijiti kinachopepesa kiko chini ya a. Rudi hatua moja. Sasa kiko chini ya kistari. Hapo hapo." Masikio akafuta. Wakapanda mstari mmoja juu, wakakiweka kistari mahali pake, kwenye programu ya filamu. Akamwambia asome mistari yote miwili kuanzia herufi ya kwanza, akasoma, na kila alipofika kwenye kistari alikitamka kwa heshima kama jina la mkwe.

Kisha Masikio akaiamuru mashine imjenge Msemaji. Kabla ya kuanza, mfumo ule huorodhesha unachotaka kujenga na matakwa yake, halafu huuliza ndiyo au hapana.

"Soma, Baba."

"Mabano ya mraba yanafunguka. Ndani yake kuna herufi. Mabano yanafunga. Jina lile refu. Alsa, bila kistari." Akasita. "Lakini pembeni mwa alsa kuna kinyota. Nikiseme?"

"Kiseme."

"Kinyota."

Masikio akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. Kinyota maana yake neno hilo limebadilika tangu ujenzi uliopita. Mwalimu hakuwa na habari, alikuwa amesoma tu kilichopo.

Akajibu ndiyo. Mashine ikavuma dakika ishirini na tano, hakuna aliyetangaza kitu. Iliponyamaza, Masikio akaandika amri moja fupi ya kumwamsha Msemaji, akabonyeza kitufe, akaacha mikono hewani.

"Tayari," alisema Msemaji, kwa kile Kiswahili chake cha puani.

Mwalimu alipiga kofi paja lake kama kijana uwanjani. Machozi yalimtoka Masikio, akayaacha yashuke. Kisha akaifungua mipangilio ya Msemaji, akabadilisha neno moja: asome alama zote. Akamwambia asome mstari wake mwenyewe.

"Alsa," alisema Msemaji. "Espeak. Kistari, pulseaudio."

"Kumbe hata yeye anajua," alisema Mwalimu.

Jumatatu saa mbili kamili sauti ya kikao ikafika. Urefu wake saa moja na robo ya watu wanaokatizana: mlinzi aliyefukuzwa, msimamizi wake, wajumbe wawili wenye mafua. Masikio alifunga mlango. Mwalimu alikaa kibarazani na redio imezimwa, akamrudisha kila mgeni getini kwa kunong'ona. Kuna mahali msimamizi alimung'unya tarehe, Masikio akairudia mara kumi na moja mpaka ikatoka. Saa tano na dakika arobaini alimwambia Msemaji amsomee yote kwa kasi ya juu, pamoja na alama, akasahihisha nukta mbili. Saa sita kasoro dakika sita akatuma.

Kisha akafungua mlango, akasema, "Njoo usubiri na mimi."

Jibu lilikuja saa saba kasoro. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na kwenye kioo angeweza kulisoma kabla ya Msemaji kufungua kinywa. Masikio alisikia pumzi yake ikikatika ghafla, akajua kuna kitu ndani ya jibu hilo.

"Usinisomee," alisema. "Mwache yeye."

"Kazi imepokelewa, koma, haina kosa, nukta," alisema Msemaji. "Nafasi inabaki yako, nukta. Mshukuru kwa niaba yetu aliyekusaidia, nukta."

Mwalimu alianza kutukana, kwa adabu, kama walimu wanavyotukana. Masikio alimgusa mkono, naye akatulia. Maneno yale yalimchoma, hakuna ubishi. Miaka sita, na bado wanamtafuta mtu nyuma ya pazia. Lakini mwaka jana angeyasikia kwa nusu, mtu akiwa amemkatia mwiba, na asingejua ni nani wa kumjibu. Leo alijua. Akavuta vitufe, akaandika bila kusita, kila herufi ikisomwa chumbani:

"Ndugu Katibu, nimemshukuru. Ni baba yangu. Jana alinisomea vistari viwili na kinyota kimoja. Kikao chenu nilikisikia mwenyewe."

Mwalimu aliisoma kwa macho, kimya, tangu mwanzo mpaka mwisho, mkono wake ukiwa begani kwa bintiye.

"Nitume?" aliuliza Masikio.

"Tuma," alisema Mwalimu. "Sijaruka kitu."